Maziwa Yaliyotiwa Jua

Rovaniemi, Finland
20 Oktoba 2022

Bibi yangu Yudith, mke mwenzangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekuachia na kwamba Nala mmeanza kusafisha mashamba. Sisi huku hatujambo. Meshack anaendelea na masomo yake ya misitu, mimi natandika vitanda hotelini asubuhi, na wajina wako anashinda kwa jirani yetu Mkongo mpaka nirudi. Anakaribia kutimiza mwaka. Anashika kiti, anasimama, halafu anatukagua mmoja mmoja, nasema huyu ni Yudith kabisa.

Mjomba Luka ananiambia simu siku hizi huisikii, ukiwekewa sikioni unaigombeza. Basi nitakuandikia kama zamani. Yeye akitoka kazini kwake Chimwaga mwisho wa mwezi atakuletea.

Bibi, huku jua linaisha. Kila siku linachelewa kuja, na likija linapita chini chini nyuma ya miti, kama mgeni asiyetaka kukaribishwa chai. Wanasema Desemba halitapanda kabisa, utabaki mwanga wa buluu tu juu ya theluji. Mimi tayari natembea kama niko usingizini. Jana nilisimama barabarani nikanusa vumbi la Nala, vumbi la mvua ya kwanza, na hapa hakuna vumbi kabisa.

Kuna nesi wa kliniki ya watoto, mpole sana. Amenipa matone ya vitamini D, nimpe mtoto kila siku, na anasema maziwa ya dukani huku yametiwa hiyo hiyo vitamini, hivyo sasa mtoto anaweza kuanza kuyanywa. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza hiyo vitamini ni kitu gani hasa. Akafikiri, kisha akasema, ni jua. Wakati wa giza tunawatilia watu jua kwenye maziwa. Nikacheka, nikasema hili lazima nimwandikie bibi yangu aliyeuza maziwa.

Nimechora unyayo wa wajina wako nyuma ya karatasi hii. Alikuwa anacheka, ndiyo maana kidole kidogo hakieleweki.

Mke mwenzako mdogo,
Paulina


Nala, Dodoma
24 Novemba 2022

Mke mwenzangu Paulina,

Mbukwa. Shikamoo yako marahaba. Barua nimeisoma mwenyewe kuanzia juu hadi chini, kwa hiyo yule mwalimu wa kisomo cha watu wazima aliyesema kichwa changu kimekauka na aaibike hukohuko aliko. Unyayo wa wajina wangu nimeubandika ukutani karibu na picha ya mume wetu marehemu, babu yako. Nimemwambia, tazama, umeongezewa mke mwingine, na huyu ana miguu mizuri kuliko sisi.

Sasa tuje kwenye maziwa. Mnatia nini? Paulina, mimi nimebeba maziwa kwa miguu kutoka hapa mpaka Area D mjini, tangu kule nyumba zikiwa chache, na hakuna mke wa ofisa aliyewahi kusema maziwa ya Yudith yametiwa kitu. Wenzangu walitia maji, wengine unga. Mimi nilidondosha tone kwenye ukucha wa kidole gumba mbele ya mteja, likakaa pale limevimba, halitiririki. Maziwa hayo ndiyo yaliyokusomesha. Maziwa yakishatiwa kitu si maziwa tena, hata kitu chenyewe kiwe sukari, hata kiwe jua. Na jua halitiwi. Jua liko nje, anayelitaka atoke.

Hayo matone nayo ni ya nini kwa mtoto asiyeumwa? Dawa hupewa mgonjwa. Ukimzoesha mwili wa mtoto dawa, siku akiumwa utampa nini? Huyo nesi ni mpole, sawa, lakini upole si ukoo.

Tafuta ng'ombe. Haiwezekani nchi nzima ikose ng'ombe. Mpe wajina wangu maziwa yaliyotoka kwenye chuchu, yasiyopita kwa fundi. Wewe nimekulea hivyo, na hukuwahi hata kuteguka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nimewaota. Mlikuwa mmekaa mahali peupe, peupe mpaka hakuna kivuli, na ng'ombe weupe wanapita katikati yenu bila kutoa sauti. Mtoto alininyoshea mkono. Nilipoamka mkono wangu ulikuwa wa baridi.

Hicho kifundo ndani ya bahasha ni mlenda niliokausha juu ya paa. Ni kidogo, lakini ni wa nyumbani.

Bibi yako, mke mkubwa,
Yudith


Rovaniemi
4 Januari 2023

Mke mkubwa,

Shikamoo. Mlenda umefika. Nilifungua bahasha jikoni, chumba kizima kikanuka kwetu, nikakaa chini nikalia kidogo, kisha nikapika. Wajina wako alilamba sahani.

Bibi, nimepata ng'ombe. Nje ya mji anaishi mama mzee anaitwa Helvi, mjane, ana zizi la mbao lenye ng'ombe wachache wa rangi ya krimu. Nakwenda kwa basi baada ya kazi. Lugha hatuelewani, mimi Kifini changu ni cha kuombea ndoo na sabuni, lakini anaongea na ng'ombe wake kama wewe ulivyokuwa ukiongea na Mweupe wetu, kwa hiyo namwelewa. Ng'ombe wako ndani tangu baridi ianze, maana nje hakuna jani. Zizini kuna joto na mvuke. Nikiingia nafumba macho, najiona niko nyuma ya nyumba yako alfajiri, wewe unakamua na mimi nimeshika ndama kamba.

Nimedondosha tone kwenye ukucha. Limekaa.

Matone ya nesi nimeacha. Meshack sijamwambia. Yeye asubuhi anauliza, umempa? Nami najibu nimempa, na kila siku namwaga kidogo kwenye sinki ili chupa ipungue. Maziwa ya Helvi nayamimina kwenye boksi la dukani. Sipendi kumficha mume wangu, lakini yeye huamini kila kilichoandikwa kwenye boksi, na mimi nakuamini wewe.

Giza limetulia sasa. Mchana unafika kama mtu anayepitisha taa nyuma ya pazia, kisha anaondoka nayo. Tunalala sana. Mtoto naye ametulia, hasumbui, anakaa tu kwenye zulia anatazama dirisha la buluu. Majirani wanamsifu kwa utulivu.

Wako,
Paulina


Nala
3 Februari 2023

Mke mwenzangu,

Mbukwa. Umenifurahisha. Nimesoma habari ya tone kwenye ukucha mpaka Luka akaniuliza nacheka na nani. Mpe huyo Helvi salamu zangu. Mwambie Nala yupo mwenzake.

Kuhusu mume, hayo ya kumwaga kwenye sinki ni mambo yenu. Wanaume huambiwa baadaye, mambo yakishakuwa mazuri. Mume wetu marehemu nilimficha vingi na alikufa ananishukuru.

Neno moja limenisimamisha. Umesema ng'ombe hawatoki nje? Ng'ombe wa kushinda zizini miezi yote, asione jua, simjui ng'ombe wa namna hiyo. Nimekaa nikifikiri, kisha nikasema maziwa ni maziwa.

Huku mvua imenyesha, uwele umesimama vizuri. Zabibu za jirani zimeiva, harufu inaingia mpaka ndani. Nikilala mchana namwona wajina wangu anatembea kwenye matuta, ananiokotea majani. Je, ameshaanza kutembea? Wewe ulitembea kabla ya mwaka, ukaangukia chungu cha mboga.

Yudith


Rovaniemi
26 Februari 2023

Bibi,

Shikamoo. Naandika haraka. Mtoto hatembei. Bibi, hata kusimama ameacha. Alikuwa anashika kiti, sasa nikimsimamisha analia na kukunja miguu. Leo nimemvua nguo nikamtazama vizuri. Miguu inaachana katikati, kama anapanda punda. Vifundo vya mikono vimevimba kidogo.

Kliniki tulikuwa na miadi, nikapiga simu nikasema ana mafua, tuahirishe. Naogopa wataniuliza. Meshack yuko kwenye mitihani, jioni anamkuta mtoto kalala.

Uliwahi kuona mtoto wa hivi? Niambie ni nini. Uniambie upesi.

Paulina


Rovaniemi
19 Machi 2023

Bibi,

Shikamoo. Ni Meshack, mume wa Paulina. Yeye hajui kwamba nakuandikia, na ningependa asijue.

Mtoto alilazwa. Alikuwa mezani, mikono ikaanza kumtetemeka na kukakamaa, tukakimbia naye hospitali. Walimpiga picha ya mifupa. Mifupa ya wajina wako imekuwa laini, na miguu imepinda kwa uzito wake mwenyewe. Daktari aliniuliza swali moja tu, je, anapata matone yake? Nikajibu kwa kujiamini kwamba anapata kila siku. Paulina akaanza kulia, ndipo nikajua.

Bibi, mwili hutengeneza nguvu ya mifupa kwa kupigwa na jua. Ngozi zetu zilizoea jua la Dodoma, jua la bwerere. Huku, miezi hii ya giza, hata ukimweka mtoto nje hakuna kinachomfikia. Wenyeji wenyewe, na weupe wao, zamani watoto wao walikuwa wakipinda miguu hivyo hivyo. Ndiyo maana wakaamua kutia vitamini kwenye maziwa ya watu wote, ili hata asiyejua aipate. Hawakutia ili kuiba.

Yule mama Helvi alipoambiwa alikaa chini kwenye ndoo. Kumbe yeye na wajukuu zake hunywa matone kila asubuhi. Alidhani kila mtu anakunywa, hakuona sababu ya kusema.

Ulimwandikia mke wangu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mtoto wetu alisikia la mkuu, bibi.

Nina hasira, utanisamehe. Daktari anasema mifupa ya mtoto ni michanga, akipata dawa na maziwa yale huenda ikanyooka. Hakuahidi. Nakuomba jambo moja. Usimwandikie tena habari za maziwa.

Mjukuu wako mkwe,
Meshack


Nala
22 Machi 2023

Mke mwenzangu Paulina,

Mbukwa. Barua yako ya haraka imefika leo, nami nakujibu leo hii hii, Luka amesimama mlangoni anasubiri.

Tulia. Mtoto wa hivyo nimemwona. Ni maji. Kuna visima, ukielekea upande wa Singida, maji yake huwafanya watoto meno ya kahawia na miguu ya upinde. Mama yangu alikuwa akitukataza hata kunawia. Bila shaka huko mlipo mmechimbiwa maji ya namna hiyo. Acha kumpa maji kabisa. Akiwa na kiu mpe maziwa, akiwa na njaa mpe maziwa, maziwa yako yale ya Helvi. Utaona miguu inarudi.

Na usiogope. Jana nimeota ananikimbilia.

Yudith


Rovaniemi
14 Aprili 2023

Bibi yangu, mke mkubwa,

Shikamoo. Ushauri wako umefika na nimeufuata. Maji nimeacha. Wajina wako anaendelea vizuri, anacheka, miguu inarudi kama ulivyosema. Maziwa ya Helvi anayanywa asubuhi na jioni. Usiwe na wasiwasi wowote.

Jua limerudi, bibi. Theluji inamulika mpaka macho yanauma. Nakaa naye kwenye ngazi, tumejifunga blanketi, tunaota jua kama mijusi ya ukutani kwako. Anajaribu kulishika kwa mkono.

Wewe ndiye uliyenilea. Sina la kukulipa.

Paulina


Rovaniemi
3 Juni 2023

Bibi,

Shikamoo. Hujaniandikia. Mjomba Luka nikimpigia anasema hujambo, anasema unakula, kisha anabadilisha mazungumzo. Je, unaumwa? Kuna mtu amekuudhi?

Jua sasa halizami. Linazunguka pembeni pembeni, halina haraka, na saa za huku zimekuwa sawa na za Dodoma, ukila mchana nami nakula mchana. Helvi amewatoa ng'ombe nje. Hujawahi kuona kitu kama hicho. Mlango wa zizi ulipofunguliwa ng'ombe wazima, wenye matiti mpaka magotini, walirukaruka kama ndama, wakainua mikia, wakakimbia wakigongana. Watu wamekuja kutoka mjini kuwatazama. Mtoto mikononi mwangu alicheka mpaka akapata kwikwi. Niliwatazama nikawaza, hata wao walikuwa wanangoja.

Kuna jambo nataka kukuambia na nashindwa kuliandika. Niandikie kwanza wewe, hata mstari mmoja. Nikiona mwandiko wako nitapata nguvu.

Paulina


Nala
8 Juni 2023

Mjukuu wangu Paulina,

Shikamoo yako marahaba.

Mumeo aliniandikia tangu Machi. Usimgombeze. Alinisalimu kwa heshima na alisema kweli. Barua yako ya Aprili ilinikuta ninayo hiyo ya kwake, nikasoma ya kwako jinsi miguu inavyorudi kwa kuacha maji, nikajua unaniongopea ili nisiumie. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nikashindwa kushika kalamu.

Nimekwenda zahanati. Nesi wetu Mwantum nilimweleza yote, hakunicheka. Akaniuliza kwa sauti kubwa sikioni, bibi, chumvi unakula ya wapi? Nikasema ya pakiti, ya dukani. Akasema hiyo chumvi imetiwa madini joto, na ndiyo maana watoto wa siku hizi huwaoni na rovu shingoni kama enzi za mama zenu. Kumbe miaka yote hii nakula kilichotiwa kitu, na nikikisifia.

Nikarudi nyumbani, nikashusha kile kibuyu changu cha kuuzia maziwa. Nikakifungua nikanusa. Moshi. Unakumbuka nilivyokuwa nikikifukiza kwa kijinga cha moto kila jioni, nikikisugua ndani mpaka kinukie? Wake wa maofisa walisema maziwa ya Yudith yana ladha yake. Mimi nilidhani wanamsifu ng'ombe. Walikuwa wanasifu moshi, na moshi niliutia mimi, kwa mkono wangu, ili maziwa yasiharibike njiani na watu wasiumwe. Mwuza maziwa mwenzangu wa huko naye ametia chake ili watu wasiumwe. Nami nikamhesabu pamoja na waliotia maji.

Nikakumbuka pia wale ng'ombe wa zizini. Moyo uliniambia, nikaunyamazisha. Ukali wa kujua, Paulina, nao ni upofu.

Sasa nisikilize kwa mara ya mwisho. Wajua desturi. Mtoto akiandamwa, wazee huuliza kama jina limemkubali. Wewe mwenyewe ulizaliwa ukapewa jina jingine, ukalia usiku na mchana mpaka tulipokuita Paulina ukanyamaza. Jina langu limempinda mtoto. Liondoeni. Mwiteni Ruthu, jina la mama yangu, aliyetembea kwa miguu yake mpaka siku aliyokufa. Unyayo wake nimeubandua ukutani. Sioni haki ya kuutazama.

Mpe matone. Mpe maziwa ya dukani. Ile methali nimeacha kuisema.

Yudith


Rovaniemi
5 Julai 2023

Bibi,

Shikamoo. Umeniita mjukuu. Barua nzima, mara moja tu, na mara hiyo moja imenitosha kulia kwenye basi mpaka mama mmoja akanipa leso.

Nilikuongopea, ni kweli. Nilimwongopea Meshack kwanza, kisha nesi, kisha wewe. Mwenye kumwaga matone ni mimi. Wewe ulikuwa mbali, hukuwa na macho ya kuona hili giza. Mimi nilikuwa ndani yake, na nesi alikuwa mbele yangu, ningeweza kumuuliza hata kwa vidole. Niliona ni rahisi zaidi kukutii kuliko kuuliza. Usiubebe mzigo wote peke yako, sehemu kubwa ni yangu.

Meshack nimemuuliza kuhusu barua yake. Alisema anajuta ile sentensi ya guu. Anasema aliiandika, akaifuta, akaiandika tena.

Sasa nikuambie yaliyotokea Jumapili iliyopita. Kwa kuwa nimezoea kukutii, nilitii tena. Tulikuwa uwanjani kwa Helvi, mchana, nyasi zimefika magotini, maua ya njano kila mahali, jua limekaa tu juu yetu. Wajina wako alikuwa ameketi kwenye nyasi na kikombe chake. Ndiyo, bibi, maziwa ya dukani, yenye jua ndani yake. Tangu Machi anayanywa, na matone yake, na dawa za hospitali. Mei alianza kusimama tena kwa kushika ukuta. Hatua hakuwa amepiga hata moja. Daktari alisema tusimlazimishe.

Nikakaa mbali kidogo nikamwita, Ruthu. Akawa anatazama nyuki. Nikamwita tena, Ruthu, njoo kwa mama. Akanywa maziwa yake. Nikajisemea, basi atazoea, hata mimi nilizoea Paulina.

Meshack alikuwa anatoka zizini na ndoo, akanisikia. Akauliza, unamwita nani? Nikamweleza habari ya barua yako. Alitua ndoo chini. Bibi, nilidhani atasema ni afadhali. Alichuchumaa pale pale kwenye matope, akafungua mikono, akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Yudith! Yudith, njoo kwa baba!"

Mtoto aligeuka. Akaweka kikombe chini, akakitazama kwanza kama kimesimama sawa, halafu akashika nyasi, akainuka. Akaja. Miguu bado ina upinde kidogo, anatembea kama mchungaji mzee aliyechunga siku nzima, lakini alikuja, bibi, hakushika kitu, mpaka kwenye shati la baba yake. Helvi alifunika uso kwa aproni.

Meshack alimwinua, akaniambia bila kunitazama, kwa sababu naye alikuwa analia, "Mwandikie bibi kwamba jina halibadilishwi. Mwandikie kwamba ni mimi niliyeita."

Nimechora nyayo zake nyuma ya karatasi hii. Safari hii ziko mbili, maana alikuwa amesimama. Zirudishe ukutani.

Mke mwenzako,
Paulina


Nala
6 Agosti 2023

Mke mwenzangu,

Mbukwa, wewe na mume wako mkali na huyo mke mdogo wa tatu.

Nyayo nimezipokea. Sijazibandika ukutani bado. Kwanza nimezitandika uani juu ya ungo, karibu na mlenda, nikaweka kijiwe pembeni zisipeperuke. Upepo wa Agosti unaujua. Zimeshinda juani siku nzima na jioni nitaziingiza. Najua ni karatasi. Niache.

Mwambie Meshack marahaba yake nimeitikia, na ile sentensi ya guu asiijutie, mimi nimeihitaji.

Nina jambo moja la kukueleza, na kama huamini muulize Luka, alikuwepo. Jumapili hiyo uliyoandika tulikuwa tumetoka kanisani, mchana, nimekaa kwenye mkeka nachambua kunde. Masikio yangu unayajua. Luka alikuwa ananiambia habari za mbuzi, sipati hata neno. Mara nikasikia naitwa. Mwanamume, sauti ya mbali, mara mbili. Jina langu kamili.

Nikaacha kunde, nikainuka bila kushika kitu, nikatembea mpaka katikati ya uwanja. Luka akanifuata, ananishika bega, ananipigia kelele sikioni, mama, umeitwa na nani? Hapakuwa na mtu. Jua tu, na vumbi.

Nilikuwa nimeshaitika.

Abee.

Yudith